Kitambo Gani?

Mwaka jana, mwezi wa nne, ploti iliyo nyuma ya nyumba tunayokodi Ruiru ilianza kuchimbwa. Eskaveta ilikuja Jumatatu, na kufikia Jumatano shimo lilikuwa limepita kimo cha mtu. Si unajua udongo wa Kiambu, ule mwekundu unaoshika kiatu mpaka unafika nao kazini. Majirani wanasema kulikuwa na kahawa hapo kabla ya maploti. Sioni sababu ya kubisha, maana mashina mawili makavu bado yamesimama kando ya ukuta wetu.

Siku hiyo jioni nilipita karibu na lori la kubeba udongo na nikaona gurudumu lake la nyuma limezuiwa kwa jiwe. Lilikuwa jiwe bapa, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na katikati limebonyea, laini kama sabuni iliyotumika. Mvua haifanyi hivyo. Mkono ndio hufanya hivyo, tena mkono wa miaka mingi.

"Fundi, hili jiwe limetoka wapi?"

"Si huko chini. Hiyo ni jiwe ya kusaga, madam. Ya mashosho wa kitambo."

"Kitambo gani?"

Akacheka. "Kitambo tu."

Nimeandika makala haya kulalamika kuhusu hilo neno. Simlaumu fundi, kwa sababu amejibu vile mimi na wewe tungejibu. Malalamiko yangu ni kwa vitabu vilivyotufundisha kujibu hivyo. Ukisoma maandishi mengi kuhusu sehemu hii ya Thika na Ruiru, utakuta vita vina tarehe, reli ina tarehe, kahawa ina tarehe. Chakula hakina. Chakula kiko "tangu jadi". Na kitu kilichoko tangu jadi hakina mtu aliyekianzisha, hakina aliyekikataa, hakina mwaka kilipobadilika. Hakina historia, yaani. Kina mila tu.

Hebu tuanze na sahani. Ingia kwa hoteli yoyote Thika mjini inayouza "vyakula vya kiasili" na uagize githeri. Utaletewa mahindi na maharagwe. Mahindi asili yake ni Amerika. Maharagwe haya ya kawaida nayo asili yake ni Amerika. Mahindi yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita hapa, na kule nyanda za juu za Kenya yakawa mfalme wa shamba katika karne ya 20, wakati wa walowezi. Sisemi githeri si yetu. Tumeipika, tumeila, imetusomesha bweni nzima. Nasema kwamba kama kilicho kwenye sahani hiyo ni kigeni hivyo, basi neno "asili" halijatuambia lolote.

Ukitaka ushahidi wa kilichokuwa shambani kabla yake, usiende mbali. Uliza wazee majina ya misimu. Kwa Gĩkũyũ, mvua ndefu ni mbura ya njahĩ, na mvua fupi ni mbura ya mwere. Njahi ni ile maharagwe nyeusi yenye mstari mweupe ambayo bado hupikiwa mama aliyejifungua. Mwere ni mawele. Hakuna mvua ya mahindi. Mlima unaouona kutoka Thika ukiangalia mashariki, ule tunaouita Kilimambogo ama Ol Donyo Sabuk, Jomo Kenyatta katika Facing Mount Kenya anautaja kwa jina la njahi. Kalenda na ramani zote mbili zinakumbuka chakula ambacho hoteli imesahau.

Na hakikusahaulika chenyewe. Mwanahistoria Claire Robertson ameonyesha jinsi serikali ya kikoloni ilivyopendelea maharagwe ya kuuzwa nje, na njahi, ambayo ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa kilimo na kwa biashara, ikasukumwa pembeni. Hapo sasa tuna historia: kuna aliyetaka, kuna aliyepoteza, kuna wakati. "Tangu jadi" inafunika hayo yote kama sufuria.

Sasa nirudi kwa vitabu. Kitabu maarufu zaidi chenye jina la Thika hakikuandikwa na mtu wa Thika. The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley kilitoka 1959, na mwaka wa 1981 kikawa mfululizo wa televisheni Uingereza. Ni kumbukumbu za mtoto ambaye wazazi wake wanakuja kulima kahawa mwaka wa 1913, kwenye ardhi ambayo baba amenunua akiwa kwa baa ya Norfolk, Nairobi. Tuseme ukweli: Huxley anaandika vizuri. Ana jicho la wadudu, la harufu, la aibu ndogo za watu wazima. Lakini soma kile kitabu ukitafuta jiko. Jikoni yuko Juma, mpishi Mswahili, na kazi ya Juma ni kupika vile Waingereza wanataka. Wagĩkũyũ wanaonekana wakifanya kazi, wakishtakiana, wakichekesha. Kile wanachopika kwao jioni, aliyekisaga na jiwe alilosagia, vyote viko nje ya fremu.

Ardhi yenyewe inaingia kwenye kitabu kama kichaka kinachongoja. Msomaji anaondoka akiamini kwamba kitu cha kwanza kuwahi kupandwa kwa mpango katika udongo ule mwekundu ni kahawa. Na kwa vile kitabu kinapendeza, imani hiyo inakaa. Leo Ruiru ina hata aina ya kahawa yenye jina lake, Ruiru 11, iliyotolewa na watafiti wa hapa hapa mwaka wa 1985. Hakuna ubaya. Lakini hilo ndilo zao pekee ambalo mji wetu umepewa heshima ya kuwa na tarehe.

Mtu atasema, huyo ni mlowezi, ulitarajia nini? Sawa. Tuchukue waandishi wawili waliokuwa na sababu zote za kufanya vizuri zaidi.

Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya 1938, baada ya kusomea anthropolojia London chini ya Malinowski. Kilikuwa kitabu cha kupigana, na kilipigana: kilisema sisi tuna mpangilio, tuna sheria za ardhi, tuna akili. Kwa kazi hiyo nakivulia kofia. Lakini ili kushinda ile kesi, Kenyatta alihitaji Wagĩkũyũ wasiobadilika. Kila kitu kiko katika wakati uleule: watu hulima hivi, hula hivi, hupika pombe hivi. Ule mtindo wa "hu-" katika Kiswahili chetu unaonyesha vizuri ninachomaanisha. Mwanamke husaga. Lini? Husaga tu.

Wa pili ni Louis Leakey, na yeye ndiye ananiuma zaidi. Alizaliwa Kabete 1903, akazungumza Gĩkũyũ tangu utotoni. Kati ya 1937 na 1939 alikaa na wazee akaandika The Southern Kikuyu before 1903, kazi kubwa ya juzuu tatu iliyokuja kuchapishwa 1977, miaka mitano baada ya kifo chake. Wagĩkũyũ wa kusini ndio hao wa Kiambu. Ndani yake kuna mashamba, vyungu, vyakula na sherehe kwa undani ambao leo huwezi kuupata kwa kuuliza mtu. Mimi hukitumia. Lakini kumbuka huyu ni nani. Huyu ndiye mtu aliyejenga jina lake kwa kuchimba, Olduvai na kule Bonde la Ufa, mtu aliyejua kwamba udongo una kurasa. Alipofika kwa watu waliomlea, akaacha jembe akachukua kalamu. Udongo wa Olduvai akaupa miaka milioni. Udongo wa Kiambu ukabaki na mwaka mmoja tu kwenye jada, 1903, na kila kilichotangulia kikawa "kabla".

Si kwamba nyanda za kati hazijachimbwa kabisa. Gatung'ang'a, Nyeri, ilichimbwa, na ripoti ya Ari Siiriäinen ikatoka katika jarida la Azania mwaka wa 1971, ikitupa vyungu vya Zama za Chuma ambavyo hadi leo hutajwa kwa jina la mahali hapo. Lakini hesabu miaka tangu 1971. Halafu hesabu mashimo yaliyochimbwa kati ya Ruiru na Thika tangu barabara mpya ifunguliwe 2012. Tunachimba kuliko mwanaakiolojia yeyote aliyewahi kuota. Tatizo ni kwamba hatuangalii.

Ndiyo maana maandishi yaliyonibadilisha katika suala hili hayakuwa riwaya wala kumbukumbu. Yalikuwa makala ya kisayansi. Mwezi wa saba 2024, jarida la Proceedings of the Royal Society B lilichapisha utafiti kuhusu Kakapel, pango la mwamba lenye michoro ya kale huko Teso, Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Waandishi wake ni pamoja na Steven Goldstein, Natalie Mueller, na Emmanuel Ndiema na Christine Ogola wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Watu walikuwa wakitumia mahali hapo kwa takriban miaka 9,000. Watafiti hawakwenda kutafuta fuvu la kutuletea sifa. Walitafuta mbegu.

Njia yenyewe ni rahisi mpaka inachekesha. Unachukua udongo kutoka tabaka unalolijua, unauweka ndani ya maji, unakoroga. Udongo unazama. Makaa na mbegu zilizoungua ni nyepesi, zinaelea. Unazichuja kwa kitambaa, unazikausha, unaziangalia kwa hadubini. Mbegu nzima unaweza kuipima kaboni ukajua umri wake yenyewe, si umri wa kitu kilichokuwa jirani yake.

Sasa sikia neno muhimu: zilizoungua. Kwa hali yetu ya hewa, punje mbichi inaoza. Iliyoliwa imeliwa. Inayobaki miaka elfu mbili ni ile iliyoanguka kwa moto ikageuka makaa bila kuwa jivu. Yaani historia ya chakula chetu imehifadhiwa na ajali za jikoni. Kuna mtu aligeuka kumwangalia mtoto, ama alikuwa anapiga stori, na punje kadhaa zikaruka kwa moto. Labda alijikemea. Hizo punje ndizo maktaba.

Na ile maktaba inasema nini? Inasema kunde ilikuwa Kakapel karibu miaka 2,300 iliyopita, wakati ambapo ng'ombe wa kufugwa pia walikuwa wanaanza kutumiwa sehemu hizo. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi, kwa hiyo imevuka bara. Inasema wimbi ulikuwepo angalau miaka 1,000 iliyopita, na mtama pia, ambao ulitoka upande wa kaskazini-mashariki. Tena inatoa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: minji, imeungua lakini imebaki nzima.

Soma hiyo orodha pole pole. Hakuna "tangu jadi" hata moja. Kila zao limekuja, tena kila moja kwa wakati wake na kwa njia yake. Wakulima wa Busia ya kale walikuwa watu wanaojaribu vitu. Jirani analeta mbegu mpya, unapanda kidogo pembeni, unaangalia. Ikikubali unaongeza. Wale "wasiobadilika" wa vitabu vyetu, kumbe walikuwa na hamu ya vitu vipya kuliko sisi ambao tumekwama kwa unga wa mahindi na tunaandamana bei ikipanda.

Pwani nako kuna mfano unaonifurahisha kwa sababu unagusa pilau. Sarah Walshaw alichunguza mbegu zilizoungua kutoka vijiji na miji ya kale ya kisiwa cha Pemba, na matokeo yake yakatoka 2010. Tumbe, karne za mwanzo, jiko lilikuwa la mawele zaidi. Chwaka, iliyokuja baadaye, mchele ukapanda. Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Kwa hiyo hata wali, chakula ambacho kwa wengi wetu ndicho Uswahili wenyewe, ni uamuzi ambao watu waliufanya, katika karne fulani, wakijua gharama yake ya jasho na mvua. Kwa maoni yangu hilo linaupa wali heshima zaidi kuliko kusema ulikuwepo siku zote.

Lakini hii ni makala ya uhakiki, kwa hivyo na sayansi nayo nisiipendelee. Lugha ya fani hii ina ugonjwa wake. Mazao "yanawasili". Mazao "yanasambaa". Ukisoma ripoti za aina hii, ni kama kunde ilipanda basi Ghana ikashuka Busia na begi lake. Mtu aliyeifunga kwa kitambaa akatembea nayo hayuko kwenye sentensi. Huxley alimwacha nje kwa sababu hakumwona. Mwanasayansi anamwacha nje kwa sababu hawezi kumthibitisha, na hiyo ni sababu ya heshima zaidi, lakini kwa msomaji kiti kinabaki kitupu vilevile.

Kuna pia upendeleo wa udongo wenyewe, na huu mhakiki lazima auseme. Mfupa hudumu. Uji haudumu. Nyama choma ya jana itaacha ushahidi wa miaka elfu, na uji wa wimbi ulioliwa kila asubuhi kwa vizazi ishirini hautaacha kitu isipokuwa jiwe lililobonyea. Ndiyo maana ukichora zamani zetu kwa haraka unapata wawindaji, wachungaji, mikuki, mafahali. Wanaume na mifupa. Wanawake na unga wanahitaji mtu mwenye subira ya kuchuja udongo kwa maji. Makavazi pale Nairobi, kila mtoto wa shule anakumbuka mifupa ya yule kijana wa Turkana, na ni sawa, Kamoya Kimeu aliyeigundua 1984 anastahili kukumbukwa. Lakini kati ya kijana yule wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita na cucu wako mwenye kibuyu, kuna watu waliolima, walisaga, wakaunguza. Hao ndio wanaofanana na sisi, na ndio tusiowajua.

Usidhani hili ni tatizo la Afrika peke yake. Warumi, ambao wameandikiwa vitabu mpaka vya ziada, wana tatizo hilohilo. Pompeii na Herculaneum zilifunikwa na volkano mwaka wa 79, na mikate iliyogeuka makaa ikapatikana humo, mizima, imekatwa alama za vipande. Tunajua mawe yao ya kusaga yalivyozunguka. Lakini ule ni mji. Mkulima mdogo wa kijijini, ambaye ndiye aliyewalisha, alisubiri sana. Kati ya 2009 na 2014 timu ya Kim Bowes ilichimba maeneo madogo ya wakulima maskini kule Cinigiano, Tuscany, kwa lengo la kuwatafuta hao hasa. Ufalme uliochimbwa kwa karne kadhaa, na mwishowe ndipo mtu anauliza: na huyu mlimaji, je, alikula nini? Kwa hiyo hatujachelewa sana. Ila wao kule Tuscany hawana eskaveta inayokuja Jumatatu.

Kuna mwandishi mmoja wa huku kwetu aliyekaribia kufanya ninachoomba, na alikuwa wa Kiambu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Petals of Blood ya 1977, anampa bibi kizee Nyakinyua kazi ya kutengeneza theng'eta. Tunaona mtama mdogo ukiloweshwa, ukichipua, ukikaushwa, ukisagwa. Tunaona mikono. Watu wanaizunguka ile pombe na kuanza kusemezana mambo waliyoficha miaka mingi. Halafu Ngũgĩ anafanya jambo ambalo Kenyatta na Leakey hawakulifanya: anakiacha kile kinywaji kiingie kwenye wakati. Theng'eta inauzwa kwa baa. Theng'eta inakuwa kampuni, na kampuni inakuwa na wakurugenzi. Shamba la Nyakinyua linakaribia kupigwa mnada kwa deni la benki. Ukifika mwisho wa riwaya unajua kuhusu pombe ile mambo ambayo "husaga tu" isingekwambia kamwe: iko kwa mikono ya nani, na ilitolewa kwa mikono ya nani.

Hata yeye nina neno naye. Ile zamani ya Nyakinyua, kabla ya lori na benki, ni safi kupita kiasi, na haina tarehe pia. Mtu yeyote aliyewahi kusaga kwa jiwe angekwambia magoti yanauma. Lakini kama unataka kujua riwaya inaweza kufanya nini na jiko, anzia hapo. Sisi tunaoandika sasa hivi, hadithi fupi zetu zimejaa shosho anayepika na harufu ya moshi, na huyo shosho hajawahi kubadilisha menu maisha yake yote. Hajawahi kuacha njahi akapanda maharagwe ya kuuza ili kulipa karo. Hajawahi kujaribu mbegu ya jirani ikakataa. Tunampenda sana, lakini tumemgeuza kuwa sanamu. Kama kuna ombi moja katika makala haya, ni hilo: mpe shosho wako tarehe.

Narudi kwa lile jiwe, maana nimelichelewesha kwa makusudi.

Nilimwomba fundi anipe. Akaniambia nibebe tu, lori likishaondoka, na akanisaidia kulifikisha mlangoni. Nilifurahi. Nilipiga picha, nikaweka kwa status, watu wakaweka mioyo. Siku chache baadaye, nikiwa nasoma kwa ajili ya makala haya, nikakutana na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006. Inasema mtu akigundua kitu chenye umuhimu wa akiolojia atoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku saba, aeleze mahali hasa na jinsi kilivyopatikana. Nilisoma hayo siku ya kumi na moja.

Nilirudi kwenye ploti kutafuta mahali hasa. Nguzo zilikuwa zimesimama, sakafu ya chini imemwagwa zege. Yule fundi alikuwa amehamia mjengo mwingine, Juja. Nilimpigia. Nikamuuliza jiwe lilikuwa kina gani, kama kulikuwa na makaa, vigae vya chungu, udongo wa rangi tofauti.

"Kulikuwa na kaudongo keusi," akasema. "Kama mahali watu walikuwa wamechoma kitu. Lakini hiyo tulipakia."

Ilienda wapi?

Udongo wa lori huenda popote panapohitaji kujazwa. Hakumbuki. Malori yalikuwa matatu.

Jiwe peke yake haliwezi kukwambia umri wake. Lingeweza kuwa la miaka mia moja ama mia tisa. Kilichokuwa kinajua ni kile kiudongo cheusi pembeni yake, ambacho ungekiweka ndani ya ndoo ya maji, ukakoroga, ukangoja kitakachoelea. Labda wimbi. Labda njahi. Labda hakuna kitu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, msomi wangu wa kutosha, nikauliza "kitambo gani?" kwa sauti ya kumkosoa mtu mwingine, halafu nikachukua sehemu ya jibu iliyopendeza na kuiacha ile nyingine ipakiwe.

Nimeandika barua kwa Makavazi, nikaeleza mahali, kina anachokikumbuka fundi, na kile kiudongo. Nimeambatanisha picha. Jiwe liko kwenye roshani, limefunikwa kwa gunia lisinyeshewe, na wakija kulichukua wachukue.

Ng'ambo ya barabara kuna ploti nyingine imezungushiwa mabati wiki hii. Nimeshaongea na msimamizi. Ameniambia eskaveta inakuja Jumatatu, na kwamba naweza kuja kuangalia bora nivae buti. Nimetafuta ndoo.